Venezia Kabla ya Saa Nne

Wageni wengi wanaoizuru Venezia, mji wa Italia uliojengwa visiwani, huiona kwa muda wa saa sita hivi, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na hizo ndizo saa zake mbaya kuliko zote. Treni zinawashusha stesheni ya Santa Lucia, mabasi yanawamwaga uwanja wa Piazzale Roma, nao wote hushika njia moja: stesheni, daraja la Rialto, uwanja wa San Marco, kisha hao wanarudi. Wanatembea bega kwa bega, jua la utosini, kila daraja limezibwa na mtu anayejipiga picha. Jioni wanapanda treni wakisema mji ni mzuri lakini watu wamezidi na bei hazishikiki. Wanasema kweli. Ila mji wenyewe hawajauona.

Mimi ninaishi Padova, mwendo wa nusu saa kwa treni, na jamaa yeyote anayetua pande hizi hupitia mikononi mwangu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia kwenye simu kabla hawajakata tiketi za ndege. La kwanza: lala Venezia walau usiku mmoja. La pili: kama mfuko haukuruhusu, basi fika na treni ya alfajiri, tembea wakati mji bado unafagiliwa, na saa nne ikigonga ingia ndani ya jengo lolote lenye picha za kutazama. Toka tena kuanzia saa kumi na moja, wale wageni wa mchana wakiwa wanakimbilia stesheni.

Msongamano huo umekuwa jambo la serikali. Tangu tarehe 25 Aprili 2024, manispaa inatoza ada ya kuingia kwa wageni wa mchana tu, wasiolala mjini. Mwaka ule wa kwanza ilikuwa euro 5 kwa siku 29 zilizochaguliwa. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na aliyechelewa kulipia, yaani chini ya siku nne kabla, akatozwa euro 10. Ada inahusu saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, katika siku zilizotajwa kwenye kalenda ya mji, nyingi zikiwa za mwisho wa wiki kati ya Aprili na Julai. Anayelala hotelini ndani ya manispaa halipi, kwa sababu tayari hoteli inamkata kodi ya malazi, lakini lazima ajiandikishe mtandaoni apate msimbo wa msamaha. Watu hupuuza hapo, halafu mkaguzi anawasimamisha nje ya stesheni. Ingia kwenye kalenda kabla hujachagua tarehe; siku nyingine hakuna ada kabisa.

Je, ada imepunguza watu? Mimi sijaona tofauti. Wenyeji ndio wanaopungua. Kwenye uwanja wa San Bartolomeo, hatua chache kutoka Rialto, kuna duka la dawa lenye kioo cha tarakimu dirishani kinachoonyesha idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa kale. Kiliwekwa mwaka 2008. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 idadi ikashuka chini ya 50,000. Watalii hupita mbele ya dirisha lile wakidhani ni bei ya kitu fulani.

Sasa malazi. Ukitafuta kwenye mtandao utaona hoteli za Mestre zina bei nafuu, na ni kweli. Mestre iko bara, ni manispaa ileile, na treni inavuka hadi kisiwani kwa dakika kumi tu. Tena kwa msafiri Mwislamu Mestre ina heri yake: jamii kubwa ya Wabangladeshi imejaa mitaa ya karibu na stesheni, na humo kuna bucha za halali, wali na mchuzi wenye pilipili ya kueleweka, na maduka yanayofunga usiku. Familia yenye watoto wanne naipeleka huko bila kusita. Lakini watu wawili, au mtu peke yake, nawasukuma walale kisiwani, wilaya ya Cannaregio au mashariki ya wilaya ya Castello, ambako bado nguo zinaanikwa kati ya nyumba na nyumba na bibi anavuta kigari chake cha sokoni. Tofauti ya bei hurudi yenyewe, maana hutalipa nauli za kwenda na kurudi na utapata zile saa za alfajiri ambazo ndizo hasa umezifuata.

Mzigo uwe mdogo. Nasema hivi nikimkumbuka shangazi yangu, aliyefika na sanduku la kilo thelathini lenye unga wa dona, samaki wakavu na zawadi za ukoo mzima. Venezia haina gari, haina pikipiki, haina bajaji. Hata baiskeli ukiikokota kwa mkono unapigwa faini. Madaraja yanapita 400 na karibu yote yana ngazi. Lile la kioo karibu na stesheni, lililofunguliwa mwaka 2008, likilowa ni utelezi mtupu. Shangazi alitazama ngazi, akatazama sanduku, akaketi juu yake akasema: "Mwanangu, mimi nimefika." Kuna wapagazi wenye vigari, ila bei yao ulizia kabla hawajagusa mzigo. La sivyo acha sanduku kubwa kwenye chumba cha mizigo stesheni, ingia mjini na begi la mgongoni.

Kutoka uwanja wa ndege wa Marco Polo, basi namba 5 linakufikisha Piazzale Roma kwa euro 10. Teksi ya majini itakudai zaidi ya euro mia. Hakuna haja.

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hatatishwa na vichochoro vya Venezia: ukuta huku na ukuta huku, kona inayokutoa kwenye uwanja usioutarajia, na mtu anayekuja mbele yako mnapishana kwa kugeuza bega. Tofauti ni kwamba hapa kichochoro kinaweza kuishia majini bila onyo. Ramani ya simu huchanganyikiwa pia, kwa sababu kuta ni ndefu na mbingu ni kamba nyembamba. Tena namba za nyumba hazifuati mtaa. Mji una wilaya sita, na kila wilaya inahesabu nyumba zake kuanzia moja mpaka maelfu, zikizunguka zinavyojua zenyewe. Anwani inayosema "Castello 3500" haikwambii chochote ila wilaya. Muulize mwenye nyumba jina la daraja au la kanisa lililo karibu, na kituo cha boti. Ukipotea, inua macho: kwenye pembe za nyumba kuna vibao vya njano vyenye mishale ya kuelekea Rialto, San Marco au Ferrovia, yaani stesheni. Mara nyingine mishale miwili ya San Marco inaelekea kulia na kushoto kwa pamoja. Yote ni sahihi.

Tembea upande wa kulia, usisimame juu ya daraja, na mvua ikinyesha inamisha mwavuli mnapopishana. Na salimia. Kuingia dukani bila "buongiorno" ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi, na utajibiwa hivyohivyo. Ukitaka kupita sema "permesso". Wazee wa Venezia wana sifa ya ukali kwa wageni, lakini nimeona nyuso zao zikilainika kwa salamu tu, jambo ambalo sisi tumelelewa nalo.

Usafiri wa mjini ni boti ya abiria, vaporetto. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, bei inayouma ukiitumia kwa vituo viwili. Piga hesabu: ya siku nzima ilikuwa euro 25 mwaka 2025, ya siku tatu euro 45. Ukipanga kwenda visiwani, ya siku inalipa. Ukipanga kuzunguka mjini tu, miguu inatosha, kwani toka ncha moja ya mji hadi nyingine ni mwendo wa saa moja na ushee. Kila unapopanda gusa tiketi kwenye mashine hata kama ni ya siku tatu. Vijana wasiofika miaka 30 waulizie kadi ya Rolling Venice. Tiketi ya siku tatu inashuka sana.

Boti namba 1 ndiyo ya kupanda kwa starehe. Inapita Mfereji Mkuu wote polepole, kituo hadi kituo, na usiku majumba yanapowashwa taa unaona dari zilizochorwa kupitia madirisha ya ghorofa ya pili. Panda Piazzale Roma, mwanzo wa safari, uwahi kiti cha nje.

Gondola ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na 110 baada ya saa moja usiku. Bei ni ya chombo, si ya kichwa, na chombo kinabeba hadi watu watano, kwa hiyo marafiki wakichangishana haiwi balaa. Kama unachotaka ni kuonja tu, iko traghetto: gondola kubwa ya kuvushia watu Mfereji Mkuu mahali pasipo na daraja. Ile ya Santa Sofia inakuvusha hadi soko la Rialto. Unampa mpiga kasia euro 2 mkononi, mnasimama au mnakaa, dakika mbili mmefika. Wenyeji wanavuka wima wakisoma gazeti. Mimi huwa nakaa.

Ukishavuka uko sokoni. Soko la samaki la Rialto ni la asubuhi, Jumanne hadi Jumamosi. Jumapili na Jumatatu utakuta meza tupu na shakwe. Ukutani kuna bamba la jiwe lililochongwa majina ya samaki na urefu mdogo kabisa wanaoruhusiwa kuuzwa, kila mmoja na kipimo chake. Mvuvi wa kwetu akilisoma bamba hilo atacheka au atakasirika, kutegemea nyavu zake zina matundu ya ukubwa gani.

Kula kwa Venezia kuna siri moja tu: simama. Kahawa ukiinywa kwenye kaunta ni kama euro moja na nusu. Ukiketi kwenye meza za San Marco, kahawa ileile inakuwa mara kadhaa ya hapo, na kama bendi inapiga unaongezewa ada ya muziki. Caffè Florian imekuwepo tangu 1720, na mtu akitaka kulipia historia hiyo simzuii. Ajue tu kwamba analipia kiti. Kwenye baa ndogo za mitaani utakuta vipande vya mkate vyenye vitu juu yake, cicchetti, unachagua kwa kidole na kula wima. Cha kujaribu ni baccalà mantecato, samaki mkavu wa kutoka Norway aliyepondwa na mafuta mpaka akawa laini, na sarde in saor, dagaa wakubwa wa kukaanga waliolala kwenye vitunguu na siki pamoja na zabibu kavu.

Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe: vipande vingi vina nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba kiasi cha kutoonekana, wali wa risotto kwa kawaida hutiwa divai, na mikate mingine hukandwa na "strutto", mafuta ya nguruwe. Uliza "senza maiale?" (bila nguruwe?) na "senza vino?" (bila divai?) Hakuna anayekasirika, wamezoea.

Kwenye mikahawa ya kukaa soma menyu iliyobandikwa mlangoni. "Coperto" ni ada ya meza kwa kila mtu, iko kisheria ikiwa imeandikwa. Mtego wenyewe ni samaki mzima: bei yake mara nyingi huandikwa "all'etto", yaani kwa kila gramu 100. Unaona euro 8 unafurahi, kisha analetwa samaki wa gramu 900. Omba apimwe mbele yako na uambiwe bei kamili kabla hajaingia jikoni.

Maji ya bomba ni salama na vijibomba vimetapakaa kwenye viwanja, kwa hiyo chupa ya kujaza inakuokolea hela. Choo cha umma kinalipiwa, kama euro moja na nusu. Kwa bei hiyohiyo unapata kahawa na choo cha baa.

Mtu wa mwambao ataielewa Venezia haraka kwa jambo moja: bamvua. Maji ya laguna, lile hori kubwa linalouzunguka mji, hujaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, na kati ya Oktoba na Februari, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na upepo wa kusini ukisukuma bahari ya Adriatic kuelekea ndani, mji ulikuwa ukizama. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187. Rekodi ni 194, ya mwaka 1966. Siku hizi kuna MOSE, milango 78 ya chuma iliyolala chini ya maji kwenye malango matatu ya laguna, ambayo hujazwa hewa ikainuka maji yanapotabiriwa kufika sentimita 110. Ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Lakini uwanja wa San Marco uko chini kuliko kiwango hicho, hivyo bado unalowa. Maji hayaji kwa wimbi. Yanabubujika kutoka kwenye matundu ya mitaro katikati ya uwanja, kidimbwi hapa, kidimbwi pale, mpaka vidimbwi vyote vinashikana mikono. Usinunue mabuti ya plastiki kwa pupa. Ngoja saa mbili tatu, yatapwa.

Usiketi kwenye ngazi za San Marco kula, usilishe njiwa, usitie miguu mferejini. Yote yana faini. Na wale vijana wa Kiafrika wanaotandaza mikoba ya majina makubwa chini ya shuka: wasalimie, zungumza nao, wengi wametoka Senegal na maisha yao ni magumu. Mkoba usinunue. Sheria ya Italia inamtoza mnunuzi wa bidhaa bandia faini ya euro 300 hadi 7,000, na wewe mwenye pasipoti ya kigeni ndiye rahisi kukamatwa. Pasipoti yenyewe, au nakala yake, tembea nayo.

Saa za mchana, nilisema, ingia ndani. Kanisa la San Marco kila mtu analijua. Kata tiketi mtandaoni, na mwenye mabega wazi avae kanga, ndiyo hasa kazi yake. Lakini nikiwa na mgeni kutoka nyumbani namwanzia kanisa la Frari. Wote hukimbilia mbele kuitazama Assunta, picha ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni ya mchoraji Tiziano, iliyozinduliwa mwaka 1518, na inastahili. Mimi namgeuza mgeni atazame ukutani, kwenye kaburi la Giovanni Pesaro, aliyekuwa doge, yaani mtawala wa Venezia, lililokamilika mwaka 1669. Limebebwa na wanaume wanne weusi, warefu kuliko mtu. Nguo zao ni marumaru nyeupe, na mchongaji amezirarua magotini ili ngozi, iliyo marumaru nyeusi, itokeze. Mabegani wameweka mito kupunguza uchungu wa jiwe. Mtu aliyekaa akafikiria mito ile alijua vizuri maana ya kubeba. Waongozaji wa vikundi hupita hapo kwa nusu dakika. Mgeni wangu mmoja, mwalimu wa historia, alikaa kwenye benchi mbele yao mpaka kanisa likafungwa.

Baada ya hapo nenda jumba la picha la Gallerie dell'Accademia ukaitafute picha ya Vittore Carpaccio ya daraja la Rialto, wakati bado ni la mbao, iliyochorwa karibu na mwaka 1496. Mbele kabisa, kwenye gondola, anapiga kasia kijana mweusi mwenye kofia nyekundu ya unyoya, amependeza kuliko mabwana aliowabeba. Ukiwaona wale wanne na huyu mmoja kwa siku moja, utakuwa umejionea Venezia ambayo haimo kwenye kadi za posta.

Kisha Murano. Wafua vioo walihamishiwa kisiwa hicho mwaka 1291, na sababu inayotajwa sana ni hofu ya moto. Boti 4.1 inatoka kituo cha Fondamente Nove. Ukishuka, wapo watakaokukaribisha bure kutazama tanuri. Nenda, ni maonyesho mazuri, ila mlango wa kutokea unapitia dukani. Wewe ulizia Museo del Vetro, makumbusho ya vioo, upande wa ushanga. Humo kuna kadi za vielelezo zilizoshonewa shanga za kila rangi, za kuonyeshwa wateja wa ng'ambo, na miongoni mwa wateja hao tulikuwemo sisi. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba shanga za Venezia kama leo unavyobeba noti. Ule mwekundu wenye moyo mweupe, samesame, ndio uliotafutwa kuliko wote. Wenyewe waliupa jina la kivunjamji. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alikwama njiani na magunia yake, kwa sababu kila nchi ilikuwa na ushanga wake na haukubaliki mwingine. Huku Venezia, shanga hizo zilitungwa na wanawake wa Castello na Cannaregio, wamekaa vibarazani na sinia la mbao mapajani na kifungu cha sindano ndefu mkononi, kwa ujira mdogo. Wanawake hao na bibi zetu hawakujuana kabisa.

Ushanga wa Venezia bado unapatikana, wa zamani na mpya. Vioo vingi vinavyouzwa karibu na Rialto kwa euro mbili tatu havikufanyiwa Murano, na bei yenyewe inasema. Tafuta alama ya Vetro Artistico Murano mlangoni, omba risiti, na muulize muuzaji ushanga umetoka tanuri gani. Akikujibu kwa jina la mtu na mtaa, keti mzungumze bei. Akikujibu "Murano, Murano" huku akitazama simu, duka la jirani liko wazi.